Sedani au wagoni: jinsi ya kupima nafasi ya ndani na viti kabla hujanunua

Wagoni yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya buti. Muuzaji alifungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akapanda na kujinyoosha humo ndani kama yuko kitandani. Nikawa nimekwisha. Miezi miwili baadaye shangazi yangu akasafiri nami akiwa siti ya nyuma, saa tatu njiani. Tulipofika alishuka taratibu, akasimama kando ya mlango ameshika kiuno, akasema: "Mwanangu, gari lako ni kubwa kweli, ila mimi umenikalisha kwenye kigoda."

Kigoda ndilo neno lenyewe. Kitako cha kiti kile kilikuwa chini mno, karibu na sakafu, kiasi kwamba magoti yake yalipanda juu kuliko nyonga na mapaja yakabaki hewani. Uzito wote ukaangukia makalio. Zile lita zote za buti hazikumsaidia kitu.

Tangu siku hiyo nikienda kuangalia gari natembea na tepu ya kupimia mfukoni. Ninayoandika hapa ndiyo utaratibu ninaoufuata. Utahitaji tepu, karatasi na kalamu, kipande kikubwa cha boksi, na mtu mmoja wa kwenda naye. Tenga saa moja na nusu kwa kila gari, na usikubali kuharakishwa.

Tofauti iko wapi hasa

Sedani ina sehemu tatu zilizotengana: injini mbele, abiria katikati, na buti nyuma lenye mfuniko wake. Kwenye wagoni, buti na chumba cha abiria ni chumba kimoja. Paa limeendelezwa mpaka mwisho, na mlango wa nyuma huinuka pamoja na kioo chake. Kuna magari ya katikati pia. Škoda Octavia, kwa mfano, ukiitazama kwa mbali utasema ni sedani, lakini ukifungua nyuma kioo nacho kinapanda. Gari la namna hiyo lipime kama wagoni upande wa mizigo na kama sedani upande wa kichwa cha abiria.

Ukiondoa hayo, sedani na wagoni za jina moja mara nyingi ni gari moja. Sakafu ile ile, dashibodi ile ile, viti vya mbele vile vile. Kwa hiyo kama kiti cha dereva cha sedani kinakuumiza mgongo, usiikimbilie wagoni yake ukitarajia nafuu.

Tofauti inaanzia juu ya kichwa cha abiria wa nyuma. Paa la sedani huanza kuteremka karibu na hapo hapo anapokaa, na mbunifu inabidi achague: abiria aguse dari, au egemeo lilazwe sana, au kitako kishushwe. Mara nyingi kinachoshushwa ni kitako, na hapo ndipo kigoda kinapozaliwa. Wagoni haina shida hiyo. Paa lake halishuki, kwa hiyo kiti kinaweza kuinuliwa. Nasema kinaweza, kwa sababu kampuni ikitaka kubana gharama huweka kiti kile kile cha sedani, na nafasi yote ya juu inabaki hewa tupu. Ndicho kilichompata shangazi.

Wala usidhani kwamba wagoni siku zote ndiyo yenye nafasi kubwa ya miguu. Mazda6 ya kizazi kilichotoka mwaka 2012 ni mfano mzuri: sedani ina umbali wa milimita 2,830 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, wagoni ina 2,750. Sentimita 8 zimekatwa kwenye gari ambalo kila mtu angeapa ndilo kubwa. Corolla ya kizazi cha E210 (kilichoanza 2018) nayo ina mtego wake: sedani na wagoni zinazouzwa Ulaya zina milimita 2,700, wakati sedani na wagoni za soko la Japani zina 2,640. Jina lile lile, sura inayofanana, na sentimita 6 hazipo. Kwa hiyo tafuta namba ya gari lenyewe unalotaka kununua, la soko lile lile na mwaka ule ule.

Hatua ya 1: Andika watakaokaa, si mizigo tu

Watu huorodhesha masanduku na kigari cha mtoto, wakasahau binadamu. Andika nani atakaa wapi na kwa muda gani. Kisha wapime vipimo viwili. Cha kwanza ni urefu wa mtu akiwa ameketi kwenye kiti kigumu, mgongo umegusa ukuta: kutoka kwenye kiti hadi utosini. Cha pili ni urefu wa paja: kutoka ukutani hadi nyuma ya goti.

Watu wawili wenye kimo sawa wanaweza kuhitaji magari tofauti kabisa. Mmoja ana kiwiliwili kirefu. Huyu anagusa dari, na wagoni itamfaa. Mwingine ni miguu mitupu. Huyu anahitaji umbali mkubwa kati ya ekseli na kitako kirefu, na paa la wagoni halimpunguzii chochote. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ongeza alama kubwa pembeni, maana kwake kuingia na kutoka ni kazi kuliko kukaa.

Hatua ya 2: Soma katalogi ukijua namba zake zilivyopatikana

Nafasi ya miguu haipimwi kutoka gotini hadi kwenye kiti cha mbele, ingawa wengi tunadhani hivyo. Kwa utaratibu wa Marekani uitwao SAE J1100, wanaketisha sanamu ya kupimia kitini, wanapima mstari kutoka kifundo cha mguu hadi nyonga, kisha wanaongeza milimita 254. Maana yake, wayo ukiweza kusukumwa mbele zaidi chini ya kiti cha mbele, namba inakua hata kama goti limebanwa. Tena mahali kiti cha mbele kinapowekwa wakati wa kupima nyuma ni kwa mujibu wa mtengenezaji mwenyewe, si kwa mujibu wa dereva wako mrefu.

Nafasi ya kichwa nayo haianzii kichwani. Inaanzia nyongani, kwa mstari ulioinama nyuzi 8 kuelekea nyuma mpaka darini, halafu inaongezwa milimita 102. Hebu fikiria hapo. Kitako kikishushwa sentimita 3, namba ya nafasi ya kichwa inapanda sentimita 3. Kigoda cha shangazi kwenye katalogi kinaonekana ni sifa! Ndiyo maana sedani mbili zinaweza kuwa na namba sawa ya kichwa, moja ukatoka umepumzika, nyingine ukatoka umejikunja.

Lita za buti, hasa kwa magari ya Ulaya, hupimwa kwa kujaza vipande vidogo vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja lita 1. Vipande hivyo huingia hadi kwenye vijishimo vya chini ya sakafu na pembeni ya magurudumu, mahali ambapo sanduku lako halitafika kamwe. Kwa wagoni uliza pia wamepima mpaka wapi: mpaka kwenye pazia la kufunika mizigo, au mpaka darini? Majibu hayo mawili ni magari mawili tofauti.

Ukisoma takwimu za Marekani, kumbuka kwamba EPA, shirika la mazingira la huko, inaainisha magari kwa ujazo wa abiria na mizigo pamoja, na mizani ya wagoni si ile ya sedani. Sedani ya futi za ujazo 110 hadi chini ya 120 huitwa ya kati. Wagoni yoyote iliyo chini ya 130 huitwa ndogo. Kwa hiyo wagoni "ndogo" inaweza kuwa na nafasi kuliko sedani "ya kati", na hakuna aliyedanganya.

Hatua ya 3: Kiti cha dereva, haraka haraka

Hapa sedani na wagoni hazitofautiani sana, kwa hiyo usimalizie nguvu zako. Vua koti, toa simu na pochi mfuko wa nyuma. Sukuma makalio mpaka yaguse egemeo. Sogeza kiti hadi uweze kukandamiza breki mpaka mwisho huku goti likiwa limekunjwa kidogo. Inua kiti mpaka nyonga ziwe sawa na magoti au juu kidogo. Simamisha egemeo, wengi hulaza mno, kisha shingo inalazimika kuchungulia mbele. Kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuachana na kiti.

Sasa angalia sehemu ya kiuno. Egemeo zuri linajaa pale mgongo unapobonyea, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Likijaa juu zaidi, litakusukuma mbavu. Na kama haliwezi kurekebishwa, mto mdogo unaweza kusaidia, lakini gari la kununua na mto siku ya kwanza mimi naliogopa.

Muhimu kuliko yote: ukishajipanga, usiguse kiti hicho tena. Shuka, nenda nyuma.

Hatua ya 4: Kaa nyuma yako mwenyewe

Hiki ndicho kiini cha zoezi zima, na ndicho watu wanachokiruka. Muuzaji akikufungulia mlango wa nyuma, mara nyingi kiti cha mbele kimeshasogezwa mbele hadi karibu kibusu dashibodi. Nyuma panaonekana sebule. Wewe kaa nyuma ya kiti ulichokipanga kwa ajili ya dereva wako halisi, na kama dereva ni mrefu kuliko wewe, mwache yeye akae mbele.

Anza na kuingia. Mlango wa nyuma wa sedani mara nyingi hukatwa kwa mteremko juu, kufuata paa, na hapo ndipo vichwa vinapogongwa. Kwenye wagoni fremu ya mlango huenda ikawa imenyooka zaidi, lakini magari mengine yanatumia milango ile ile ya sedani, basi faida inapotea. Tazama pia chini: tao la gurudumu linaingia kiasi gani kwenye nafasi ya mlango? Mtu mzima mwenye magoti mabovu huketi kwanza, kisha akageuza miguu kuiingiza. Tao likiwa limeingia sana, atapita na nguo yake juu ya vumbi la gurudumu, na atakosa mahali pa kuweka makalio kabla ya kujigeuza.

Ukishakaa, fanya jaribio la kiganja. Weka mkono kitini, kiganja kikiangalia chini, na uusukume chini ya paja lako kutoka upande wa goti kuelekea nyonga. Ukikwama vidole viwili vitatu tu baada ya ukingo wa kiti, paja limebebwa vizuri. Mkono ukiteleza kwa raha mpaka karibu na nyonga, uko kwenye kigoda. Jaribio hili halihitaji tepu wala elimu, na limewahi kuninyamazishia wauzaji wawili.

Kisha pima. Kutoka sakafuni (pale kisigino kinapokaa, si kwenye kapeti lililokunjamana) hadi ukingo wa mbele wa kitako: chini ya sentimita 30 mimi huanza kutilia shaka, na ikifika 35 hivi hutabasamu. Kutoka ukingo huo hadi kwenye egemeo: linganisha na urefu wa paja ulioupima nyumbani. Kitako kiwe kifupi kuliko paja kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Kikizidi hapo, ukingo unakata nyuma ya goti, miguu inakufa ganzi, na abiria anajivuta mbele na kuacha egemeo. Kikipungua sana, paja halina tegemeo. Viti vya nyuma mara nyingi hufupishwa kimyakimya ili nafasi ya magoti ionekane kubwa. Ukisimama nje na kutazama huwezi kujua, ukipima unajua.

Goti: ngumi moja ya kulala kati ya goti na kiti cha mbele inatosha kwa safari. Ila gusa pia mgongo wa kiti hicho. Plastiki ngumu na kitambaa laini si sawa kwa mtu ambaye goti lake litasugua hapo siku nzima.

Miguu: mwambie aliye mbele ashushe kiti chake hadi mwisho. Wayo bado unaingia chini yake? Kwenye magari mengi kiti kikishushwa kinaziba upenyo wote, na ghafla namba nzuri ya katalogi haina maana.

Kichwa: pima kwa kuketi wima, kisha egemea dirishani kama mtu aliyesinzia. Dari hupinda kwenye kingo, na watu wengi hugusa pembeni kabla ya kugusa juu. Kama gari lina kioo cha paa, fahamu kwamba fremu yake hula sentimita kadhaa, kwa hiyo usipime gari lisilo nacho halafu ukanunua lenye nacho. Inua mto wa kichwa pia. Ukiishia shingoni, si mto wa kichwa huo, ni pambo.

Mwisho, egemeo. Hapa sedani wakati mwingine inashinda, na ni haki kuisemea. Egemeo la sedani lisilolala limeungwa moja kwa moja na bodi, halihitaji kuwa jembamba, na mtengenezaji anaweza kulijaza sponji na kulipa umbo la mgongo. Egemeo la wagoni limetengenezwa lilale chali na kuwa sehemu ya sakafu ya mizigo. Nyuma lina bati, na kadiri linavyotakiwa kulala sawasawa ndivyo linavyokuwa jembamba na bapa. Kwa upande mwingine, baadhi ya wagoni zina egemeo linaloweza kurudishwa nyuma kidogo kwa nyuzi kadhaa, jambo ambalo kwa sedani ni nadra. Vuta kila lever uone.

Kaa hapo dakika kumi. Ongea mambo mengine. Mwili ndio utakaokuambia, na dakika mbili za kwanza hudanganya, hasa kwa sponji laini. Kiti kinachokupokea kama godoro jipya huenda kikazama baada ya saa moja ukabaki umekalia springi. Kile kinachoonekana kigumu dukani mara nyingi ndicho utakachokishukuru jioni.

Hatua ya 5: Yule wa katikati

Wagoni haiongezi upana hata sentimita moja. Kama siti ya nyuma itabeba watu wazima watatu, wakalishe watatu. Angalia kama mabega yanapishana, kama vishikizo vya mikanda vinaonekana au vimefukiwa chini ya nyonga za mtu, na kama handaki la sakafuni (lile tuta la katikati) linamlazimisha wa katikati kupanua miguu kwenye nafasi za wenzake. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne huwa na handaki kubwa zaidi. Kitako cha katikati nacho hubinuka na kuwa kigumu, na mahali ambapo sehemu ya kuwekea mikono imekunjwa ndani ya egemeo, mgongo wake unasikia ubao.

Wenye mtoto mdogo: beba kiti chake na ukifunge, hasa kile kinachoangalia nyuma. Kisha rudi mbele uone kama dereva bado anaweza kukaa alivyojipanga.

Hatua ya 6: Buti, na kile kipande cha boksi

Hapa ndipo wagoni inapojitetea, lakini si kwa sababu watu wanayoitaja. Chukua Volkswagen Passat ya kizazi kilichoanza 2014: buti la sedani lita 586, la wagoni lita 650. BMW 3 Series ya 2019: sedani 480, wagoni 500. Lita 20 ni begi dogo la mgongoni! Mtu akinunua wagoni kwa tofauti hiyo peke yake amejisumbua. Faida halisi iko kwenye mlango na kwenye kimo. Passat ile ile ya wagoni ukilaza viti inafika lita 1,780, na kitu kirefu kwa kimo kinaingia kikiwa wima.

Kwa hiyo usipime ujazo, pima tundu. Nyumbani, chukua kitu kikubwa kuliko vyote unachobeba mara kwa mara, ukate boksi kwa umbo lake la upande: upana kwa kimo. Nenda na boksi hilo. Kwenye sedani lipitishe kwenye mdomo wa buti. Utashangaa, buti la lita 500 linaweza kuwa na mdomo mwembamba kiasi kwamba boksi linagoma, ingawa ndani lingecheza. Kisha funga mfuniko taratibu huku ukitazama bawaba. Zile zenye mikono mikubwa iliyopinda huingia ndani ya buti na kukandamiza mzigo. Laza viti vya nyuma pia: tundu kati ya buti na chumba cha abiria ni dogo kuliko unavyodhani, na mara nyingi lina ngazi sakafuni.

Kwenye wagoni pima upana kati ya matao ya magurudumu, kimo cha kizingiti kutoka ardhini, na mteremko wa kioo cha nyuma. Wagoni za kisasa zenye mgongo ulioinama kama mwanariadha hupoteza nafasi nyingi pale juu. Boksi likigusa kioo kabla mlango haujafunga, basi mapambo hayo umeyalipia wewe. Inua sakafu uone tairi la akiba lipo, au kuna dawa ya kuzibia tu.

Kimo hicho kina bei yake. Kwenye sedani, bati na egemeo vinakutenga na mzigo. Kwenye wagoni, kilichopangwa juu ya egemeo hakina kizuizi siku ya breki ya ghafla. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa hupima uimara wa egemeo kwa vitu viwili vya kilo 18 kila kimoja. Mzigo wako huenda ni zaidi ya hapo. Tafuta vishikizo vya wavu nyuma ya viti vya nyuma na pete za kufungia sakafuni. Kama vipo lakini wavu haupo, uulizie kabla ya kusaini.

Neno kuhusu wagoni za kazi. Toyota Probox ya kibiashara, iliyoanza 2002, inafanana na wagoni ya familia, lakini Japani gari la mizigo hutakiwa kuwa na eneo la mzigo kubwa kuliko la abiria. Ndiyo maana siti yake ya nyuma imesogezwa mbele, imesimama wima na ni nyembamba. Mzigo inabeba, hilo halina ubishi, lakini usiilinganishe na Fielder, wagoni ya familia ya Corolla, ukadhani umepata kitu kile kile kwa kimo cha paa.

Hatua ya 7: Barabarani, ukiwa abiria

Wengi huendesha gari la majaribio. Wewe endesha nusu ya njia, nusu nyingine mpe mwenzako usukani, ukakae nyuma.

Sikiliza. Sedani ina kizuizi kati ya abiria na buti, kwa hiyo sauti ya matairi ya nyuma, maji yanayorushwa na kokoto hufika imefifia. Kwenye wagoni masikio ya abiria wa nyuma yako chumba kimoja na matao ya magurudumu. Kwenye mwendo fulani, lami ya kokoto kubwa huweza kuleta mngurumo mzito unaobana masikio, kama mtu anapiga ngoma mbali. Chumba kikubwa kitupu kinavuma. Vuta pazia la kufunika mizigo lifunike buti, uone kama linapunguza. Sikiliza pia mlio wa kufuli za viti vinavyolala. Huo ukianza kwenye majaribio, hautaisha wenyewe.

Halafu mtikisiko. Mwili wa aliyeketi husumbuka zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na huo ndio unaoamua kama safari imechosha. Wagoni nyingi hupewa springi ngumu kidogo nyuma kwa ajili ya mizigo, hivyo ikiwa tupu inaweza kurusha abiria wa nyuma kuliko sedani yake, na ikibeba ikatulia. Baadhi zina shokabsoba zinazojirekebisha kimo, na hapo mambo hubadilika. Ukiweza, ijaribu na watu watatu nyuma. Kabla ya yote hayo angalia upepo wa matairi. Nimewahi kukataa gari zuri kwa kosa la matairi yaliyojazwa kupita kiasi.

Jua nalo usilisahau. Kioo cha nyuma cha sedani kimelala, na mchana kinamwaga jua kwenye shingo za walio nyuma. Paa la wagoni linawafunika. Ila chumba chake kina hewa nyingi ya kupozwa, kwa hiyo tazama kama kuna matundu ya hewa nyuma ya kiti cha mbele. Yasipokuwepo, dereva atakuwa anatetemeka wakati walio nyuma bado wanajipepea.

Hatua ya 8: Kama limeshatumika

Kiti kilichochoka kinabatilisha vipimo vyote hapo juu. Bonyeza kitako cha dereva kwa goti, sehemu ya kushoto kisha ya kulia. Upande wa mlangoni ndio unaokufa kwanza kwa sababu mtu huuteleza kila anaposhuka. Sponji likirudi polepole au lisirudi, limekwisha. Linganisha na kiti cha abiria wa mbele, ambacho kwa kawaida kimetumika kidogo: tofauti kati yao ndiyo historia ya gari, na mara nyingine inakanusha kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Shika egemeo juu kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza mbele na nyuma, meno ya kulalia au reli zimelika.

Kwenye wagoni laza na usimamishe kila kiti mara mbili, usikie kufuli likibana kweli. Egemeo ambalo halijafunga vizuri ni hatari, na mkanda wa katikati mara nyingi umefungwa humo humo. Kagua na harufu ya kapeti la buti. Mpira wa mlango wa nyuma ukivuja, maji hukusanyika kwenye shimo la tairi la akiba, na harufu hiyo itakaa na abiria wako, maana hakuna ukuta wa kuizuia.

Kuamua

Weka karatasi zote mezani, futa jina la gari juu, usome vipimo tu. Mwenye abiria wa nyuma wenye viwiliwili virefu, mbwa mkubwa au vitu vya kusimama wima, wagoni itajitokeza yenyewe. Anayebeba watu wanne kwa saa nyingi na mabegi ya kawaida, mara nyingi atakuta sedani ndefu yenye kitako cha juu inawatendea haki zaidi kuliko wagoni fupi, na kimya kinakuwa bonasi. Zikilingana, mimi huchagua ile ambayo kiganja kilikwama mapema chini ya paja.

Gari la pili nililonunua lilikuwa sedani. Shangazi naye alikuja kuliangalia, akakaa nyuma na kipima chake cha ndani, akaniomba nisogeze kiti cha dereva nyuma "mpaka pale unapokaaga siku zote, usinidanganye." Nikasogeza. Akaingiza mkono chini ya paja, akautoa, akauliza kama lina rangi nyingine.